Meno ya Gurudumu la Mbele

14 Oktoba
Basi la alfajiri limefutwa. Karatasi imebandikwa kituoni, haina hata samahani. Kuanzia mwezi ujao basi la kwanza litapita Tuira, mtaa wetu hapa Oulu, wakati mimi natakiwa niwe nimeshakoroga uji wa shule nzima. Gari analo mume wangu Tuukka huko mgodini kaskazini, wiki mbili kazini, moja nyumbani, kisha anaondoka tena. Kwa hiyo ni baiskeli. Nimemwambia binti yangu Pihla tutakwenda chekechea kwa baiskeli hata theluji ikianguka. Akauliza baiskeli itavaa kofia gani.

17 Oktoba
Mama kapiga simu kutoka Muhos, anakoishi. Sauti ile ya utulivu, ya mtu aliyeshaamua.

"Saimi mwanangu, nisikilize kabla hujanikatiza. Mlete kwangu. Jumatatu mpaka Ijumaa. Wikiendi mnamchukua. Mpaka theluji iyeyuke."

"Theluji inayeyuka Aprili, Mama."

"Basi Aprili. Mtoto wa miaka mitatu hajui kuhesabu miezi."

"Anajua kuhesabu nani yupo na nani hayupo."

"Usinijibu kama mwalimu. Wewe unapika uji."

Kumbe alishaongea na Tuukka, na Tuukka kasema labda ni busara. Busara! Mtu yuko chini ya ardhi, hajui hata kama juu kunanyesha, anagawa busara.

Tumebishana mpaka viazi vikaungua. Mwisho tumekubaliana hivi: najaribu. Ila siku nitakayoanguka na Pihla akiwa kitini, mtoto anakwenda Muhos bila mjadala. Nilikubali upesi, maana ningefikiri zaidi ningelia, na kwa Mama ukilia umeshindwa.

18 Oktoba
Jonna ndiye mwenzangu jikoni, anaendesha baiskeli mwaka mzima tangu akiwa shule. Leo katoka kuvuta sigara, akaiangalia baiskeli yangu ukutani, akarudi anacheka.

"Dada, hayo matairi?"

"Ni mapya."

"Mapya, sawa. Lakini ni ya kiangazi. Kwenye barafu hayo ni sabuni."

Kanieleza huku tunamenya karoti. Nitafute matairi ya misumari, yenye mistari minne: miwili katikati ya kuniongoza nikienda moja kwa moja, miwili pembeni ya kunishika nikikata kona. Ya misumari michache yananunuliwa na watu wanaopenda kujidanganya. Ncha ziwe za chuma kigumu kabisa, maana chuma cha kawaida lami inakitafuna kabla ya Krismasi. Na nipime nafasi chini ya madgadi, tairi likiwa nene mno litabana.

"Na mtoto nyuma?" akauliza.

"Na mtoto nyuma."

Akaacha kucheka, akachukua karoti nyingine.

25 Oktoba
Usiku wa kuamkia jana vioo vya magari viliganda, basi mji mzima ukakimbilia duka la baiskeli. Nilipofika mimi, rafu ilikuwa tupu kama sherehe iliyokwisha. Muuzaji kaingia stoo, katoka na tairi moja la kipimo changu.

"Mwenzake?"

"Wiki mbili hivi. Labda tatu."

Nimelichukua hilo moja. Nimelibeba begani kama bunduki.

27 Oktoba
Nimelifunga nyuma. Nilifikiri sana: nguvu ya miguu inakwenda nyuma, breki yangu ni ya kukanyaga pedali kinyume, nayo iko nyuma, na Pihla anakaa nyuma. Kila kitu changu cha maana kiko nyuma. Kazi imekula asubuhi yote, kufungua mkono wa breki, kulegeza mnyororo, kutazama mshale ubavuni mwa tairi unaoonyesha lizunguke upande gani. Pihla alikuwa fundi msaidizi. Nati moja aliificha mdomoni. Nimemwambia fundi hali nati.

3 Novemba
Lami kavu. Naendesha polepole bila kubana breki, misumari ikae vizuri kwenye mpira. Inalia chini yetu kama mafuta kikaangoni.

6 Novemba
Nimeanguka.

Nilikuwa nimeshamwacha Pihla chekechea, namshukuru Mungu. Kwenye njia ya kushukia mtoni majani yalikuwa yamelowa, na chini yake barafu nyeusi, ile usiyoiona. Nikakata kona kama siku zote. Nyuma kulishika vizuri kabisa. Mbele kukaondoka kama mtu aliyeitwa. Nilikuwa chini kabla sijasema chochote. Paja limekuwa rangi ya biringanya. Uji ulichelewa.

Nilimpigia Mama mwenyewe, wakati wa mapumziko.

"Nimeanguka."

"Mtoto?"

"Alikuwa chekechea."

"Ungeweza kunificha."

"Ningeweza."

"Basi mlete leo leo."

"Makubaliano yetu ni akiwa kitini."

"Saimi! Unasubiri awe kitini ndipo ujue?"

"Nakupenda, Mama. Hatoki."

Nikakata. Halafu nikaingia chumba cha kuhifadhi unga, nikakaa juu ya gunia.

7 Novemba
Jonna kainama, katazama gurudumu la nyuma, katazama la mbele, kaketi kabisa chini kwa kicheko.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Akili yangu."

"Akili yako imevaa gambuti mguu mmoja tu, tena siyo ule unaotangulia! Sikiliza. La nyuma likiteleza unalirudisha kwa kiuno, unaonekana mlevi kidogo, basi. La mbele likiteleza hakuna cha kurudisha. Tairi likiwa moja linakwenda mbele. Mbele, Saimi, mbele!"

Nimeona aibu, kisha nimecheka, kisha paja likauma kwa kucheka. Nimelihamisha leo leo.

Lakini siendeshi na Pihla nyuma. Mpaka tairi la pili lifike, yeye anakaa juu na mimi natembea nikiisukuma, kwenda na kurudi. Anafikiri ni farasi.

12 Novemba
Nimesinzia nimesimama, mwiko mkononi. Jonna kamwambia bosi nasali.

19 Novemba
Limefika! Muuzaji alinipigia mwenyewe. Sasa nimefunga yote mawili na nimeitengeneza baiskeli upya, kama mtu anayemtayarisha bibi harusi. Kiti changu nimekishusha ili miguu yote miwili ikanyage chini bila kunyoosha vidole. Upepo nimeupunguza kidogo, tairi lilale pana kwenye theluji. Mnyororo nimeupaka mafuta ya baridi. Usukani nimeuvika ile mifuko minene ya kuingizia mikono. Taa mbili mbele, mbili nyuma, na ukanda unaong'aa kiunoni kwa Pihla.

Kwanza nilikwenda peke yangu hadi kwenye dimbwi lililoganda nyuma ya jengo. Nikapanda juu ya barafu yenyewe, nikakata kona makusudi. Nikabana breki makusudi. Krrrr, ikashika. Nikarudia. Mzee mmoja aliyekuwa na mbwa alisimama kunitazama nikizunguka juu ya dimbwi nikicheka peke yangu. Nilimpungia mkono.

Kisha nikampakia binti yangu, tukaenda.

28 Novemba
Theluji ya kwanza ya kweli. Tulipotoka, njia yetu ya baiskeli ilikuwa imeshasafishwa na trekta na magari bado yanachimbuliwa. Tuliwapita wote. Pihla alikuwa anawaambia kwaheri mmoja mmoja.

10 Desemba
Kosa langu jingine, na hili tulilifanya kwa huruma.

Jana jioni Pihla aligoma kuingia ndani. "Baiskeli inahisi baridi." Nikasema baiskeli haihisi. Akasema, "Umeiuliza?" Nilikuwa nimechoka, nikaiingiza kwenye korido karibu na redieta, akaifunika taulo. Ikalala kwa raha. Theluji yote ikayeyuka, maji yakapenya kila kitundu. Leo asubuhi, baridi kali kuliko zote mwaka huu, tumetoka nje, tumefika kwenye kona ya pili, pedali zikaanza kuzunguka bure. Nakanyaga, hakuna kitu. Ndani ya gurudumu la nyuma maji yameganda.

Tumetembea. Nilimkimbiza mtoto chekechea, kisha nikakimbia mwenyewe kazini. Uji ulikuwa wa Jonna leo.

"Umeipeleka baiskeli sauna?" kauliza.

"Pihla aliihurumia."

"Mwambie Pihla baiskeli ni kama dubu. Ikishalala kwenye baridi usiiamshe."

Tumeiweka chumba cha boila cha shule mchana kutwa, ikakauka, tukatia mafuta. Sasa inalala nje. Pihla kaiombea radhi kwa kuibusu kengele, nikawahi kumvuta kabla ulimi haujagusa chuma ukagandia hapo.

24 Desemba
Tuukka yupo. Alichukua baiskeli kwenda makaburini kuwasha mishumaa ya wazazi wake, maana gari liligoma kuwaka. Karudi na barafu kwenye ndevu.

"Inashika kama kucha," kasema.

"Naam."

"Ile siku nilisema ni busara, Saimi, sikuwa najua ninachokisema."

"Naam," nikasema tena, nikampa kipande cha nyama ya mwisho wa paja, kile anachokipenda.

13 Januari
Kope zimegandana njiani. Pihla alikuwa amelala nyuma, nimemfunga kama kifurushi. Nilipokuwa na miaka minne nililala majira mawili ya baridi kwa mama yake Mama, kijijini. Walinitunza vizuri. Nilikuwa na kitanda karibu na jiko na paka wangu mwenyewe. Kila Jumapili jioni nilikuwa nakaa dirishani natazama taa za gari la Mama zikiondoka, na majira ya pili sikwenda tena dirishani. Sijawahi kumwambia mtu. Naandika hapa tu.

24 Januari
Jana sikuandika. Ilikuwa furaha na uchovu, siwezi kuvitenganisha.

Mchana ilianza mvua. Mvua katikati ya Januari, juu ya ardhi iliyoganda miezi. Kila tone lilikuwa likigusa chini linakuwa kioo. Dirishani mwa jiko nilimwona mwalimu wa mazoezi, mtu mzima, akivuka uwanja kwa magoti. Redio ikasema mabasi yamesimama, watu wasitoke kama hawana ulazima. Mimi nilikuwa na ulazima, yuko chekechea na ana miaka mitatu.

Jonna kanishika mkono mlangoni. "Zunguka uwanja kwanza. Peke yako."

Nikazunguka. Nikabana breki, nikakata kona kulia na kushoto. Misumari ikauma. Kwa viatu vyangu nisingeweza kusimama, lakini juu ya baiskeli nilikuwa natembea kama niko sebuleni. Nikaondoka. Barabarani magari yamelala kila upande, moja limepanda kituo cha basi. Njia ya baiskeli ilikuwa tupu, inang'aa, yangu peke yangu. Pale kwenye ile kona iliyonitupa Novemba nilipunguza mwendo, nikainamisha kichwa, nikapita. Nilipiga kelele ya ushindi na hakuna aliyenisikia.

Mlangoni mwa chekechea, nani nimkute amekaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamelowa, soksi mkononi? Mama.

"Umefikaje?"

"Nilisikia utabiri," kasema bila kunitazama. "Nikaona nije na gari nimchukue, kwa usalama."

"Gari liko wapi?"

"Limeingia kwenye rundo la theluji huko kwenye mzunguko. Halijaharibika. Mimi nimekuja nimeshika uzio."

Pihla akadakia kwa fahari, "Bibi katambaa!"

Mama kageuka, kayaona maji yanayodondoka kwenye kofia yangu. "Na wewe umefikaje?"

"Kama kila siku."

Chekechea ilikuwa inafungwa, teksi hazipokei simu, na Mama hawezi kusimama nje hata hatua moja. Nikaangalia huku na huku. Uani kulikuwa na kiti cha mateke, kile cha reli mbili ndefu za chuma ambacho walimu husukumia watoto juu ya theluji. Na ukutani ilining'inia ile kamba ya vitanzi ambayo watoto huishika wakitembea kwa mstari, kila mmoja kitanzi chake.

"Hapana," Mama kasema. Alikuwa ameshaona macho yangu.

"Kaa."

"Saimi, mimi nina miaka sitini na mbili."

"Basi ndiyo ukae. Hapa hadi nyumbani ni tambarare tupu. Nikisema breki, unakanyaga chini kwa visigino."

Mwalimu akatupa ruhusa na kofia ya ziada. Nikamfunga Pihla kitini, mikanda yote, nikavuta kila mmoja mara mbili. Nikafunga kamba kwenye keria na kwenye kiti cha mateke. Nikasimama juu ya pedali, nikakanyaga. Kwanza hakuna kitu, kisha misumari ikauma, kiti kikaanza kuteleza nyuma yangu, na mama yangu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Polepole! We mtoto, polepole!"

"Hii ndiyo polepole, Mama!"

"Bibi, shika vizuri!" Pihla alikuwa amegeuza shingo, ndiye nahodha. "Bibi, usilale!"

"Nani analala hapa!"

"Breki!" nikaita.

Visigino vikakwaruza. Akanifikia taratibu, akagusa gurudumu langu kwa ncha ya buti, akasimama. "Nimeweza," kasema, kwa mshangao.

Darajani kulikuwa na foleni ya magari yasiyokwenda popote. Kijana mmoja kateremsha kioo.

"Jamani, mna nafasi ya mmoja?"

Nilifikiri Mama ataona aibu. Kumbe kajinyoosha kwenye kile kiti, kofia ya chekechea yenye masikio ya dubu kichwani.

"Shuka utembee, kijana! Hii imejaa!"

Watu wakacheka ndani ya magari yao, mmoja kapiga honi, na sisi tukapita, mimi mbele, binti yangu katikati, mama yangu nyuma. Mapaja yalikuwa yanawaka moto. Sijawahi kuwa na nguvu kama zile. Sikuanguka. Hata mguu sikuutoa kwenye pedali.

Nyumbani nilipasha supu ya samaki. Pihla alipitiwa na usingizi mezani, kijiko mkononi. Mama kamtazama muda mrefu.

"Wewe ulikuwa unalia?" kauliza. "Kule kwa bibi yako."

Sikutegemea. "Mwanzoni."

"Niliambiwa umezoea."

"Niliacha kulia, Mama. Sikuzoea."

Akakikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja. "Nilikuwa na zamu ya usiku kiwandani. Mama yangu alisema mlete, na baba yako akasema ni busara. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilirudi na gari tupu kila Jumapili, nikifika nasimama kwenye kituo cha mafuta kwanza, nanawa uso." Kisha kasema, "Nilifikiri ukiwa na mtoto nitakusaidia kwa kile nilichosaidiwa mimi."

Nimemjua mama yangu miaka ishirini na minane. Sikuwahi kujua kuhusu kituo cha mafuta. Nilikuwa naziona taa zinazoondoka tu, sikumwona aliyeshika usukani.

Nikahamia upande wake wa meza.

"Asitoke hapa," kasema. "Alale kwake. Nitakuja mimi, Jumanne na Alhamisi, nikae naye wewe ulale."

"Mama, siyo lazima."

"Nani kasema lazima? Nimekwambia nakuja. Usinijibu kama mwalimu."

Leo wote watatu tumeamka tumebanana kitanda kimoja, na miguu ya Pihla ilikuwa usoni kwa Mama.

6 Februari
Alhamisi. Nimelala mchana kutwa. Nilipoamka nyumba ilikuwa inanuka mkate wa iliki.

2 Machi
Mchana theluji inalainika, usiku inaganda na mifereji ya matairi ya kila mtu. Jonna anasema huu ndio mwezi unaoangusha wajuaji. Tumepita.

17 Aprili
Njia zimefagiliwa changarawe ya kuzuia utelezi. Nimevua matairi ya misumari uani, nimeyaosha. Hakuna msumari hata mmoja uliong'oka. Pihla hajalala nje ya nyumba hii usiku wowote.

Mama kaja na wenzake wawili wa darasa la kuogelea kuwaonyesha baiskeli. Nilikuwa nimeinama nafunga gurudumu, namsikia anawasimulia ile siku. Kwenye masimulizi yake barafu ilikuwa nene kuliko ilivyokuwa, njia ndefu mara mbili, na upepo, ambao haukuwepo, ulitupiga usoni.

"Na ule mlima!" kasema. "Mnaujua ule mlima? Kaupanda ananivuta mimi na mtoto, hajashuka hata mara moja!"

Mmoja wa wale wanawake amezaliwa hapa hapa Oulu. Kageuka kunitazama, kwa kuwa anajua kama ninavyojua mimi kwamba mji wetu hauna mlima.

Nikapangusa mikono kwenye suruali. "Ulikuwa mkali sana," nikamwambia.